Nilivyomfundisha Zuena Kuugua

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo tatu, daftari la zamu na televisheni. Ufunguo mmoja ulikuwa wa kabati la dawa, wa pili wa lango la wodi, wa tatu wa choo cha wafanyakazi. Televisheni ilikuwa ya wagonjwa. Ilikaa juu ukutani ndani ya kizimba cha vyuma, na Matroni wa wodi ya wanawake, mama mnene mwenye viatu vyeupe visivyowahi kushika vumbi, alinionyesha kwa kidole kama anayenikabidhi mtoto wa kulea.

"Sista Adong," aliniambia, "dawa ukizichelewesha dakika tano watakusamehe. Tamthilia ukiichelewesha dakika tano, mimi usinitafute."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi wa magonjwa ya akili wiki mbili tu, kichwa kimejaa majina ya dawa na ya maprofesa. Nilikulia kambini, upande wa Nakawa, kwa baba sajini wa polisi aliyetoka Gulu. Kambini Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya gwaride, ya ugomvi wa kwenye bomba la maji na ya kubembelezea watoto. Watu wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili wakakumbuka buti za askari. Sisi tuliota nacho meno. Sikujua siku ile kwamba lugha hiyo ndiyo ingenitoa hospitalini na kunipeleka mahali ambapo watu hulipwa kwa kulia.

Jioni ile nilifungua televisheni kwa wakati. Wagonjwa walikuwa wameshajipanga kwenye mabenchi. Tamthilia ilikuwa ya ng'ambo, na ndani yake mlikuwa na mwanamke mzuri aliyeachwa na mchumba, na kwa huzuni hiyo akashikwa na maradhi ya akili. Alirusha chombo cha maua ukutani. Akarusha sahani. Akavuta pazia likaanguka. Nywele zake hazikuharibika hata kidogo.

Wodi nzima ilicheka. Mgonjwa mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimgeukia mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi, ambaye faili lake nilikuwa nimelisoma mchana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Nakato, na ugonjwa wake uliandikwa sonona. Sonona ni ile huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki na hata miezi. Humnyima mtu usingizi, humnyima ladha ya chakula, humwondolea hamu ya mambo aliyoyapenda, mpaka kuoga tu kunakuwa mlima. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiitazama ile televisheni kama anayesahihisha mtihani.

"Huyo si mwenzetu," alisema polepole. "Sista, mtu mwenye ugonjwa wangu ukiona amevunja sahani, ujue imemponyoka. Nguvu ya kuirusha ataitoa wapi?"

Niliyaandika maneno yale kwenye daftari la zamu, chini ya jina lake. Asubuhi Matroni aliniita.

"Daftari hili ni la zamu, Sista. Si la tamthilia."

"Ndiyo, Matroni."

Alisoma tena ule mstari, akafunga daftari. "Lakini amesema kweli," akasema, akaenda zake na viatu vyake vyeupe.

Nilikaa wodi ile miaka mingi. Nilijifunza kazi ambayo kwa nje haionekani kuwa kazi. Tuliiita kuchukua historia, yaani kumsikiliza mtu na jamaa zake mpaka ujue ugonjwa ulianza lini, ulianzaje, na kabla yake alikuwa mtu wa namna gani. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu mkimya akiwa kimya hakuna habari. Mtu aliyekuwa akiimba kila anapofua, halafu sasa anafua kimya, huyo ana habari. Mwalimu Nakato alipona polepole akarudi shuleni, na kila mwanzo wa muhula alipita kutusalimia na kuuliza kama yule mwanamke wa pazia amepata akili.

Kituo changu cha pili kilikuwa kliniki ndogo Namuwongo, mita chache tu kutoka reli. Mganga Mkuu wa kliniki alikuwa kijana mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa plasta, na swali lake la kwanza kwangu halikuwa la dawa.

"Sista, Kiswahili cha Wakongo unakisikia?"

"Nakisikia, Daktari. Nao watanisikia, tutacheka kidogo kisha tutaelewana."

"Basi umetuokoa. Mimi nikisema sonona wananitazama kama nimetaja jina la samaki."

Alisema kweli. Hakuna aliyekuja kliniki akasema ana sonona. Walikuja wakisema, "Niko na mawazo mingi." Walisema kichwa kinachemka, moyo unapiga mbio, mwili umekuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Wasiwasi, ule uliozidi kipimo mpaka ukawa ugonjwa, wao waliuita presha, au moyo, au majirani wabaya. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea maneno yao kama walivyoyaleta, na kuyapeleka kwa Daktari bila kuyamwaga njiani.

Siku moja akaja Mama Riziki, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kongo, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Nyuma yake alimvuta mdogo wake wa kike, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyetembea akitazama vidole vyake vya miguu.

"Sista, mimi nimemleta ili umwambie aache uvivu," alisema Mama Riziki. "Analala asubuhi, analala muchana. Chakula anaangalia tu. Watu wa kanisa wanasema ni ugonjwa ya akili. Mimi nimekataa."

"Umekataa kwa nini, Mama?"

"Ugonjwa ya akili ninaijua! Ninaiona kwa televisheni kila siku. Mutu anapiga kelele, anacheka yeye moja, anapasua nguo. Huyu hata kelele hana. Tangu mvua ya mwaka jana hana kelele."

Nilihesabu miezi toka mvua ya mwaka jana, nikamtazama yule msichana. Mwaka mzima karibu. Mwaka mzima alikuwa anazama mbele ya dada anayempenda, na dada hakumrushia kamba kwa sababu kwenye televisheni watu huzama kwa makelele.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nina mwalimu mwenzangu mtaani, nayo ni televisheni. Mimi nilikuwa nafundisha watu kumi kwa siku kwenye chumba chenye feni mbovu. Yeye alifundisha mji mzima, kila jioni, na alikuwa na nguo nzuri kuliko zangu.

Msichana alianza dawa, na kila wiki alikuja tukazungumza. Dawa za sonona hazina haraka. Huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajahisi lolote, na hizo ndizo wiki za hatari, kwa sababu jamaa huchoka wakasema haisaidii. Mama Riziki hakuchoka. Wiki ya sita alikuja mbio kabla hata kliniki haijafunguliwa.

"Sista! Leo ameniambia chakula yangu iko na chumvi mingi!"

"Pole, Mama."

"Pole gani! Mwaka muzima chakula alikuwa anaangalia tu, bila kusema. Leo amenitukana!" Akanikumbatia pale mlangoni, akilia na kucheka.

Ni Mama Riziki aliyenipeleka kwenye tamthilia, bila mimi kujua. Aliuza vitenge kwa mwanamke mmoja wa Bukoto aliyekuwa akitengeneza tamthilia ya Kiswahili, ya kuonyeshwa kwetu na kuuzwa Kenya na Kongo. Mwanamke huyo alitaka mtu anayejua wagonjwa wa akili na anayejua Kiswahili. Mama Riziki akamwambia, "Iko mumoja tu, na yeye ni wangu."

Sote tulimwita Madam. Cheo chake kilikuwa Mtayarishaji Mkuu, yaani yeye ndiye aliyetafuta fedha, aliyeajiri, na aliyeamua nani katika hadithi ataolewa na nani atagongwa na gari. Studio ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja la Bukoto, juu ya duka la magodoro. Mwenye duka akishusha mzigo, ilibidi tusimamishe kazi mpaka amalize kupiga kelele. Mimi nilipewa cheo cha mshauri wa kitabibu, na ruhusa ya Mganga Mkuu ya kwenda huko kila Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza Madam alinipa muswada, ndiyo karatasi zenye maneno yote watakayosema waigizaji. Zuena, mke wa mfanyabiashara wa vipuri vya magari, amefiwa na mama yake. Jumatatu anaanza kucheka peke yake. Jumanne anararua gauni na kukimbia pekupeku barabarani. Jumatano mume wake anamwambia anampenda, Zuena anapona, na wanafunga upya ndoa yao kwa sherehe kubwa.

Nilisoma mpaka mwisho nikavua miwani.

"Madam, ameugua Jumatatu akapona Jumatano? Malaria yenyewe haina adabu hiyo."

Madam alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka haraka na kukubali taratibu. "Sista, mimi nawauzia hadithi watu waliochoka. Wamefunga duka, wamepika, wameketi. Ukinipa mwanamke amelala kitandani anatazama dari, watu wangu watahamia kwenye mpira."

Aliyeketi kando yake alitikisa kichwa kuunga mkono. Huyu alikuwa Mwongozaji, anayewaambia waigizaji wasimame wapi na waseme vipi, mtu mwembamba wa Bukavu aliyeingia Kampala akiwa mkimbizi na akaanza kwa kupiga picha za harusi. Jina lake Bahati. Daima alitafuna tangawizi mbichi, akisema ni dawa ya moyo.

"Mimi sikatai sayansi yako, Sista," alisema. "Lakini kamera haiwezi kupiga picha ya mawazo."

"Inaweza kupiga picha ya matoke," nilimjibu.

Bahati akaacha kutafuna. Nikawaeleza. Mnapomwonyesha Zuena kabla hajafiwa, anamenya ndizi mkungu mzima huku akigombana na jirani ng'ambo ya ukuta, wala haangalii kisu. Sasa mwekeeni ndizi zile zile na kisu kile kile. Mume anaingia, anaoga, anabadili shati, anauliza chakula. Zuena anasema, "Nakuja." Kwenye beseni kuna ndizi moja, nayo imemenywa nusu. Basi.

"Basi?" aliuliza Bahati.

"Basi."

Madam alichukua kalamu akakata mstari wa gauni. "Kipindi kimoja," alisema. "Wakihama, Jumatatu ijayo Zuena anararua gauni, na wewe unarudi kliniki yako na salamu zangu."

Kwa hiyo ilinibidi nimfundishe Zuena kuugua. Aliyeigiza nafasi ile aliitwa Sanyu, binti mchangamfu aliyeweza kulia kwa amri kama mtu anayefungua bomba.

"Sista, nilie na jicho gani?" aliniuliza. "La kushoto linawahi."

"Hulii, mwanangu."

"Silii? Nimefiwa na mama yangu!"

"Ulilia mwezi uliopita. Sasa hata ukitaka machozi hayaji. Mtu akikuuliza kitu, swali lifike kwanza, likae, ndipo ulijibu. Na ukijibu, ujibu fupi, kwa sababu maneno ni mazito kubeba."

Sanyu alifikiri. "Kama mtandao umekatika, Sista?"

"Hivyo hivyo."

Alifanya mara ya kwanza, na mpiga kamera akachungulia mashine yake akidhani imeganda. Alifanya mara ya pili, na mpiga kamera hakuchungulia tena. Kule chini mwenye magodoro alipiga kelele zake, na hakuna aliyesema tusimamishe. Nilimwona Mwalimu Nakato pale, na mdogo wake Mama Riziki, na wanawake wengine ambao majina yao siwezi kuyataja. Macho yaliniuma kidogo. La kushoto liliwahi.

Kipindi kilipoonyeshwa, simu za studio hazikupumzika. Bibi mmoja wa Jinja alisema televisheni yake imeharibika na sisi ndio tuliohusika. Mtu wa Mombasa alitaka kujua kama mwanamke huyo analipwa kwa kukaa. Na wengi, wengi kabisa, walipiga kusema jambo moja: "Mwambieni amenye ndizi! Mumewe ana njaa!" Sokoni Nakawa wauza matoke walimwita kila mteja mvivu Zuena.

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu. Madam akaingia akiwa amejaa furaha.

"Wamekasirika, Sista!"

"Nasikitika, Madam."

"Usisikitike! Aliyekasirika anatazama kesho ili akasirike tena. Zuena ataendelea kuumwa."

Sitaki mfikiri kwamba nilikuwa sahihi kila mara. Katika kipindi ambacho Zuena alifika kliniki kwa mara ya kwanza, mimi mwenyewe niliandika maneno ya muuguzi. Niliandika kurasa tatu. Muuguzi alieleza ubongo, dawa, lishe, mazoezi na umuhimu wa kuhudhuria kliniki. Madam alisoma akanirudishia. "Sista, hii si tamthilia. Hii ni semina, na hakuna hata soda." Tukabakiza mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa muuguzi kumwambia Zuena, "Karibu, keti." Niliumia siku mbili. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi kliniki sikuwahi kumhutubia mgonjwa kurasa tatu.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuja na mume wa Zuena. Tulikubaliana kwamba baada ya miezi ya kumuuguza mkewe, yeye naye atashikwa na wasiwasi. Niliandika shambulio la hofu. Hilo ni tukio la ghafla: moyo unakimbia, pumzi inapungua, vidole vinakufa ganzi, na mtu anaamini kabisa kwamba anakufa dakika ile, ingawa hakuna kilichomtokea. Hudumu dakika chache, kisha hupita, na humwacha mtu akiogopa kurudi mahali lilipomshika.

Bahati hakutaka hata kulisikia. "Mwanamume anatetemeka kwenye foleni ya benki? Hapana, Sista. Watacheka. Tumpeleke kwa mganga wa kienyeji, apandwe na pepo, tulete ngoma. Hiyo itaeleweka."

"Itaeleweka vibaya."

"Wewe unafundisha watu, mimi ninawashika!" Alikuwa amesimama. "Kuogopa bila sababu si ugonjwa! Ni..."

Hakumaliza. Alishika ukingo wa meza. Tangawizi ilimtoka mdomoni ikaanguka juu ya muswada. Uso wake ulitoka jasho mara moja, akateremka taratibu mpaka sakafuni, akaanza kufungua vifungo vya shati kwa vidole visivyomtii.

"Nakufa, Sista," alisema. "Ni moyo. Nakufa."

Watu wote wa studio walisimama. Sanyu alianza kulia, na safari hii ni kwa macho yote mawili. Nilipiga magoti nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa mbio mno, lakini yalikuwa sawasawa. Nilikuwa na wazo langu, lakini sikulisema. Andikeni hili, ninyi vijana wa uandishi: muuguzi hapimi moyo kwa macho. Mtu akishika kifua, moyo hupimwa kwanza, na wazo lako zuri linasubiri nje. Nilimwambia Madam alete gari. Mpaka gari linafika niliketi sakafuni na Bahati, nikavuta pumzi taratibu ili anisikie, naye akaifuata, akaipoteza, akaifuata tena.

Hospitalini walimpima saa nzima. Nilikaa kwenye benchi la nje na muswada wenye alama ya tangawizi. Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi, na sura ya mtu aliyeshikwa akiiba.

"Moyo mzima," alisema akiketi. "Daktari anasema moyo mzima kabisa. Hii ni mara ya nne wananiambia hivyo, kila mahali nikienda."

"Mara ya nne. Ilianza lini, Bahati?"

Lile lilikuwa swali la kuchukua historia, limenitoka lenyewe. Naye kwa mara ya kwanza toka tujuane hakunibishia. Alitazama watu wakipita na mashuka.

"Njiani nilipokimbia sikuogopa," alisema. "Hapa Kampala nimelala nje, sikuogopa. Ilianza mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa. Nilimshika mikononi, nikaona niko tena na kitu cha kupoteza."

Nilikunja muswada nikauweka magotini. Kuna majibu ambayo hayataki maneno ya juu yake.

"Niliogopa mukijua," aliendelea. "Nani atamsikiliza mwongozaji anayeanguka? Nikasema ni moyo. Moyo ni ugonjwa wa heshima."

"Huu nao ni ugonjwa," nilisema. "Una jina, una matibabu, na una watu wengi kuliko unavyodhani. Kliniki yangu iko Namuwongo. Jumanne benchi halijai sana."

Mdomo wake ukaanza kutetemeka, na nikaona kwamba ni kicheko. "Na mimi nilitaka kumpeleka yule mutu kwa ngoma!"

Tulicheka mpaka mlinzi akatusogelea kutuangalia.

Bahati alipumzika wiki moja. Aliporudi, alikuwa ameiandika upya ile sehemu kwa mkono wake. Mume wa Zuena yuko kwenye foleni ya benki na karatasi ya namba mkononi. Mbele yake watu wanazungumza habari za mvua. Anatazama mlango. Anahesabu vigae vya sakafuni. Karatasi inalowa jasho mpaka namba haisomeki. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Zamu yake inaitwa, naye ameshatoka nje, amekaa ukingoni mwa barabara.

"Hakuna anayemwona," Bahati aliniambia. "Hapo ndipo ubaya wake ulipo, Sista. Unakufa katikati ya watu, na wao wanaongea mvua."

Katika miaka yangu yote studio, hiyo ndiyo sehemu ambayo sikubadilisha hata neno. Kipindi kilichofuata ndicho nilichogusa, kwa sababu humo Bahati alimponya mume wa Zuena kwa pumzi tano. Nilimwuliza, "Wewe umepona kwa pumzi tano?" Akafuta.

Madam alipata sherehe yake mwishowe, maana hakuna aliyewahi kumshinda Madam kabisa. Gauni lilikuwa jeupe, keki ilikuwa na ghorofa sita. Ila katikati ya sherehe Zuena alifungua mkoba, akatoa kidonge, akakimeza kwa soda, akaendelea kuzungumza na shangazi yake. Saa moja akasema amechoka, wakamrudisha nyumbani, na wageni wakaendelea kucheza. Madam alinung'unika kwamba bibi harusi haondoki mapema. Lakini aliiacha.

Nilistaafu kazi ya serikali, halafu nikaiaga na studio. Walinifanyia tafrija, Sanyu akalia, mwenye magodoro akanipa mto. Nilirudi nyumbani kwangu upande wa Nakawa nikidhani sasa nitapumzika.

Sasa niwaambie jambo ambalo wastaafu wengi huliruka wanaposimulia. Mwaka wa kwanza wa kustaafu haukuwa mzuri. Nililala sana, kisha sikulala. Niliacha kwaya. Televisheni niliifunika kitambaa. Nilijiambia ni umri, ni magoti, ni joto. Muuguzi wa akili wa miaka thelathini na zaidi, na sikuona kilichokuwa kimeketi kwenye kiti changu.

Aliyeona ni Hajati Zaituni, jirani yangu, mjane wa askari kijana aliyefanya kazi chini ya baba. Huyu ndiye mtu aliyeichukia hadithi ya Zuena kuliko wote. Kila jioni aliniita ukutani kunilaumu kwamba nimeharibu tamthilia, na hakukosa hata kipindi kimoja. Asubuhi moja aliingia bila kubisha hodi, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Sista, wiki ya tatu hii hujanijibu vibaya."

"Ni umri, Hajati."

"Umri gani? Mimi nimekupita miaka sita, bado nagombana. Nakusemesha, unasema ndiyo, ndiyo. Wewe hujawahi kuniambia ndiyo." Alinisogelea, sauti ikashuka. "Dada yangu, wewe uko kama yule Zuena wenu. Vaa viatu."

Nilitaka kubisha nikakosa nguvu, na kule kukosa nguvu ndiko kulikonishtua. Nikavaa viatu.

Kliniki ya Namuwongo ilikuwa imepakwa rangi mpya. Muuguzi alikuwa binti ambaye sikumjua, kalamu sikioni. Alianza maswali, nami nikaanza kumsaidia. Nilimweleza lipi litangulie, nikamkumbusha lile alilosahau, nikataja dawa na kipimo chake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza. Kisha akaiweka kalamu mezani.

"Asante, Mama. Nimejifunza mengi. Lakini leo nani mgonjwa kati yetu?"

Niliinua mkono kama mwanafunzi.

"Unalala vipi?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia na mengine yote, bila kupunguza. Leo nimerudi kwaya, dawa nilimaliza kwa maelekezo, na kitambaa cha televisheni kimekuwa cha kufutia vumbi. Ndiyo maana vijana wa uandishi wakija kwangu kuuliza waandike vipi mtu mwenye sonona, huwaambia wasiende mbali kutafuta. Wamtazame mtu wanayemjua vizuri, na waandike kile alichoacha kufanya. Na wampe muda wa kupona, hata watazamaji wakipiga simu.

Lakini siku ile nilikuwa bado ndani ya kile chumba, nikifuta pua kwa leso ya kliniki, na mlango haukufungika vizuri. Huko nje kwenye benchi nilimsikia Hajati Zaituni akiwahutubia wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri.

"Yeye ni muuguzi mkubwa," alikuwa akisema, "na hakujua. Mimi ndiye nilijua. Sijasoma shule ya udaktari hata siku moja. Nilisoma kwa tivi, saa moja na nusu, kila jioni. Na ilikuwa tamthilia mbaya sana!"